Pimeni presha kwanza, pampu baadaye

Ndugu Mhariri,

Gari la petroli likizima njiani na kukataa kuwaka, hukumu ya gereji nyingi za mitaani ni moja tu: pampu ya mafuta imekufa. Mteja anatumwa duka la spea, pampu inafungwa, na baada ya siku chache gari linarudi gereji kwa kamba. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwaambie wenye magari wasinunue pampu kabla fundi hajafunga geji ya presha na kuwaonyesha namba.

Tuchukue injini ya Toyota ya 1NZ-FE, iliyojaa mitaani kwenye IST na Probox. Presha yake ya mafuta ni kati ya psi (kipimo cha presha) 44 na 50. Geji hufungwa kwa kiungo cha njia tatu kati ya bomba linalotoka kwenye tanki na reli ya nozeli, yaani bomba linalogawa mafuta kwa nozeli zinazoyapuliza injini. Ukizima injini, baada ya dakika 5 geji isishuke chini ya psi 21. Ikishuka, washukiwa ni watatu: vali ya kuzuia mafuta yasirudi, iliyo ndani ya pampu, regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta), au nozeli inayovuja. Gari la namna hiyo hupigiwa stata ndefu asubuhi, likishawaka linakwenda vizuri. Kwenye injini za zamani kama 5A-FE, zenye bomba la kurudisha mafuta, namba ni tofauti: psi 38 hadi 44 ukichomoa kijimpira cha hewa cha regyuleta, na hushuka hadi 31–37 ukikirudisha. Mkiona petroli ndani ya kijimpira hicho, kiwambo cha regyuleta kimepasuka na pampu haina kosa.

Namba ya sailensa, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, peke yake isiwaridhishe. Pampu iliyochoka inaweza kushika 45 gari likiwa limesimama, kisha ikaporomoka mlimani au injini inapovuta mzigo. Geji yenye mpira mrefu ibanwe nje ya kioo cha mbele, kamwe isiingizwe ndani ya gari, halafu gari liendeshwe.

Geji ikisoma sifuri, bado si ruhusa ya kufungua tanki. Anza na fyuzi iliyoandikwa EFI, kisha rilei ya pampu (swichi ya umeme inayoiwasha), kisha umeme kwenye soketi ya pampu, pampu ikiwa imeunganishwa na mwenzako anapiga stata. Ukipungua zaidi ya volti 1 kulinganisha na betri wakati huohuo, tafuta waya ulioungua au ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) yenye kutu. Pampu mpya kwenye waya huo itakuwa dhaifu kama ile ya zamani. Wapo wanaotega sikio ufunguo ukiwa ON, wasiposikia mlio wanatangaza msiba. Toyota nyingi haziwashi pampu hadi injini izungushwe, kwa hiyo ukimya huo si ushahidi.

Kosa linalowagharimu watu zaidi ni kuisahau sensa ya kranki, inayoiambia kompyuta ya gari kuwa injini inazunguka. Ikichoka, gari huzima injini ikishapata moto na kuwaka tena ikipoa, sawasawa na pampu mbovu. Papo hapo linapozima, pima cheche za plagi. Kama nazo zimekatika, iacheni pampu.

Vipimo vikithibitisha kuwa ni pampu, chomoa soketi yake, washa injini hadi izime yenyewe ili presha iishe, kisha ondoa kichwa hasi cha betri. Mafuta tankini yawe chini ya nusu. Pasiwe na sigara wala taa ya balbu, na mtungi wa kuzimia moto wa poda uwe karibu. Kwenye Vitz na Corolla nyingi kifuniko kiko chini ya kiti cha nyuma. Puliza vumbi kabla hujakifungua, maana lote litaangukia tankini.

Hapa ndipo pampu nzuri inapouawa na ufungaji. Kichujio cha soksi, kile cha kwenye mdomo wa pampu, kibadilishwe pamoja na pampu, si kupulizwa na kurudishwa. Mpira wa ndani ya tanki uwe ule uliotengenezwa kuzama kwenye petroli, wenye alama R10. Mpira wa kawaida huvimba, ukapasuka, na presha ikavujia humohumo. Nyaya zisisokotwe na kufungwa tepu, kwa sababu petroli huyeyusha gundi yake. Pete ya mpira ya kifuniko iwe mpya, ipakwe petroli tu. Mkono wa boya linalopima mafuta usipindwe, la sivyo mshale wa mafuta utadanganya.

Watu hulaumu mafuta yaliyochakachuliwa, na maji tankini kweli huleta kutu. Lakini pampu hupozwa na kulainishwa na petroli inayopita ndani yake. Anayetembelea taa ya njano kila siku anaipika kwa joto, tena akivuta uchafu wa chini ya tanki. Msishuke chini ya robo.

Wenye injini za Toyota za D-4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, wawe waangalifu: zina pampu ya pili ya presha kubwa mno juu ya injini, na bomba lake si la kulegezwa injini ikiwaka.

Mkikabidhiwa gari, ombeni pampu ya zamani, na presha mpya iandikwe kwenye risiti.

Fundi wa mifumo ya mafuta,
Tabata, Dar es Salaam