Magari ya zamani yanasingiziwa

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu magari ya zamani yanayochafua hewa mijini nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili imenikera. Nalisoma gazeti hili tangu enzi likitufikia Tabora kwa treni, siku moja baada ya kuchapwa, na sijawahi kuandika barua. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Mwandishi wenu kalaumu umri wa gari mwanzo hadi mwisho, gereji hakuzigusa.

Ninaendesha Toyota Ist ya mwaka 2003. Mvua zilipokatika mwaka jana, taa ya injini iliwaka. Gari likaanza kunywa mafuta, mdomo wa ekzosi ukawa mweusi tii, harufu ya petroli ikaingia mpaka ndani. Kwenye gereji moja hapa mjini kijana alichomeka mashine, ikatoa namba ya hitilafu, P0171, naye bila hata kufungua boneti akasema, "Mzee, sensa ya oksijeni imekufa." Nikatoa shilingi 140,000 kwa sensa iliyotumika. Akaizima taa kwa mashine. Ikawaka tena kabla sijafika Ipuli. Akafunga nyingine, ikawaka. Ndipo akaniambia masega, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, yameziba, ayatoe, gari litapata nguvu.

Mhariri, P0171 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kompyuta imeona hewa nyingi na petroli kidogo. Sensa hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na kompyuta huongeza au kupunguza petroli ili kila kilo moja ipate hewa kilo 14.7 hivi. Mimi nimefanya kazi karakana ya reli miaka 31. Kwetu, fundi aliyebadilisha kifaa bila kukipima aliitwa ofisini. Mzee mwenzangu tuliyestaafu naye alikuja kwangu Isevya alfajiri, injini ikiwa baridi. Akaniambia niwashe gari, akabana mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa, kisha akanyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya manifoldi, bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini. Povu likachemka mahali pamoja tu, kwenye gasketi iliyopasuka. Hewa ya nje ilikuwa ikivutwa pale, inafika kwenye sensa, sensa inaripoti oksijeni nyingi kama ilivyoiona, na kompyuta inamwaga petroli isiyohitajika. Sensa ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza! Gasketi ilinigharimu 15,000. Taa imezimika mpaka leo, na mdomo wa ekzosi umerudi rangi ya kijivu. Ningebaki na ufa ule, petroli ya ziada ingeenda kuungulia ndani ya masega na kuyaharibu kweli, halafu mwandishi wenu angelipita gari langu barabarani na kuandika kwamba ni uzee.

Japani gari dogo la binafsi hukaguliwa linapofikisha miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gesi ya ekzosi hupimwa kwa mashine. Haya mnayoyaita machakavu yalivuka kipimo hicho kule. Tumeyaharibu sisi wenyewe, kwa kubahatisha.

Na hili la masega linaniuma zaidi. Sisi watu wa Tabora neno hilo tunalijua kwa asali, lakini sega la gari lina platini, paladi na rodi, madini ya thamani, ndiyo maana wanunuzi wanapita gereji hadi gereji na mizani mkononi. Mwenye gari anaambiwa limeziba, analipa ufundi wa kulitoa, na fundi analiuza jioni. Moshi unaotoka hapo hauchujwi na kitu chochote, na watoto wanaotembea kwenda shule kando ya barabara ndio wanaouvuta.

Ninaomba hivi. Chuo cha ufundi cha VETA hapa Tabora wapewe mashine moja ya kupima gesi, na kila Jumamosi mwenye gari apime kwa shilingi 5,000 apewe karatasi yenye namba. Gereji isiuze sensa kabla ya kupima kwa maji ya sabuni mbele ya mwenye gari. Sega likitolewa, lipimwe kwenye mizani, uzito uandikwe nyuma ya risiti. Na kifaa cha zamani arudishiwe mwenyewe. Sensa yangu ya kwanza, iliyokuja na gari kutoka Japani na haikuwa na kosa, sijarudishiwa mpaka leo.

Mstaafu wa reli,
Isevya, Tabora