Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fisi-maji, Mvua na Paka Wetu

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Zamu za ufukweni zilikwenda vizuri, isipokuwa Desemba: ilinyesha, na watu watatu hawakuonekana.

Ninalotaka kulisema ni moja. Waliokuwa zamu Moss Landing, hapa pwani ya California, mwezi Februari wanamkumbuka yule fisi-maji jike, wa baharini, aliyepanda mchangani alfajiri. Hakuwa na jeraha la papa. Viganja vilimtetemeka, shingo imepinda, na kila alipotaka kurudi majini alizunguka palepale. Tulikaa mbali, tukapiga simu, wataalamu wakaja kumchukua. Siku ya pili akafa. Baadaye tukaambiwa ni toksoplasma, vimelea visivyoonekana kwa macho, vimeingia ubongoni.

Mayai ya vimelea hivi hutokana na paka na jamaa zake tu. Hutoka na kinyesi, hukaa udongoni miezi mingi, mvua ikayasomba hadi baharini. Huko hunasa kwenye mwani, konokono wakala mwani, fisi-maji wakala konokono. Na mnyama huyu ni mlaji haswa: kila siku karibu robo ya uzito wake, la sivyo baridi inamuua.

Oposamu, yule mnyama mdogo wa Amerika abebaye watoto mfukoni, naye ana vimelea vyake. Aprili 2004, baada ya mvua kubwa, fisi-maji wapatao 40 waliugua au kufa karibu na Morro Bay, na vimelea hivyo vya oposamu ndivyo vilivyolaumiwa. Kisha kati ya 2020 na 2022 mizoga minne ya fisi-maji ilikutwa na aina kali ya toksoplasma iliyojulikana kwanza kwa puma, paka mkubwa wa mwituni, wa Kanada.

California nzima fisi-maji wamebaki takriban 3,000. Papa weupe ndio wanaoongoza kwa kuwaua, na papa sina la kumwambia. Paka tunawafuga wenyewe.

Kwa hiyo narudisha hoja mliyoikataa mwaka jana: mchanga wa paka, ule anaojisaidia ndani yake, ufungwe mfukoni uende na taka, usimwagwe chooni, maana mitambo ya majitaka haiyaui mayai hayo. Pakiti za mchanga huo zinazouzwa jimboni zimeandikwa usimwagwe chooni, ila nani anasoma pakiti? Najua nilichekwa, kwamba mwenyekiti mwenyewe ana paka wawili na mmoja analala nje. Tangu Machi analala ndani, na mapazia yangu ni shahidi.

Orodha ya zamu iko mezani kwa katibu. Desemba bado ina nafasi tatu.

Mwenyekiti wenu