Magazeti yetu yanamjua ndege mmoja tu

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka uwele na mtama wa Dodoma unapoanza kukomaa, magazeti hukumbuka kwamba mkoa huu una ndege. Habari huwa ileile: kwelea kwelea wameingia Kongwa, Bahi au Chamwino, wakulima wanalia, ndege ya kunyunyizia sumu inasubiriwa. Baada ya hapo kimya mpaka msimu mwingine. Sina ugomvi na habari hizo. Mtu anayeamka alfajiri kwenda kupiga debe shambani ili aokoe magunia mawili ya uwele ana haki ya kuwekwa ukurasa wa mbele. Ninachoomba ni kwamba ndege wengine nao waandikwe, hasa wanaoonekana kwa nadra, na hasa mwezi huu wa Mei.

Mei ni mwezi wa kupishana. Mvua zetu, ambazo kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600, zinakuwa zimekatika. Huko Ulaya na kaskazini ya Asia baridi imeondoka na wadudu wamejaa. Mbayuwayu, keremkerem wa Ulaya, korongo weupe na vitwitwi wa kila namna, waliokuwa wageni wetu tangu Oktoba na Novemba, wengi wamekwisha kwenda zao kuzaa. Kwa hiyo ukimwona korongo mweupe amesimama kwenye majaruba ya Bahi katikati ya Mei, una swali la kujiuliza. Huenda ameumia. Huenda ni kijana tu, maana korongo hawa huanza kuzaa wakiwa na miaka mitatu au minne, na baadhi ya vijana hawaoni sababu ya kurudi kaskazini mapema. Ndege yuleyule ambaye Januari hakuna anayemgeukia, Mei anakuwa habari.

Na wakati hao wakiondoka, yuko anayeingia kutoka upande mwingine kabisa. Ni ndege mdogo wa majini wa jamii ya yangeyange, Waingereza humwita Madagascar pond heron, anayezaliana Madagaska na visiwa vichache vya karibu, kama Aldabra na Mayotte. Baada ya kulea makinda huvuka bahari kuja Afrika Mashariki na Kati, na hukaa huku kuanzia Mei hadi Oktoba hivi. Wataalamu wamemweka katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Akiwa katika msimu wa kuzaa ni mweupe pe, mdomo wake wa buluu. Akifika kwetu huwa ameanza au amemaliza kubadili manyoya: mgongo wa kahawia, kifua chenye michirizi, amejikunyata ukingoni mwa maji mpaka umdhanie bonge la tope. Ni akiruka ndipo mabawa meupe yanapofunguka na kumfichua. Ana ndugu yake anayefanana naye sana, ambaye ni wa kawaida, na hapo ndipo watu wengi humpita. Yeye wa Madagaska ana mdomo mnene zaidi na michirizi iliyokolea zaidi. Mchunga ng'ombe aliyekaa bwawani mchana kutwa ana nafasi kubwa ya kumwona kuliko mtafiti anayekuja na gari kwa wiki moja. Shida ni kwamba mchungaji hana pa kumpeleka.

Watu hudhani ndege wa kutazamwa wako Serengeti na Manyara, huku kwetu ni vumbi na zabibu. Waende Hombolo, bwawa lililochimbwa mwaka 1957, wakati maji yamepungua na kingo za tope zimebaki wazi. Wasimame kwenye bwawa la Mtera wanapokwenda Iringa badala ya kununua samaki na kuondoka. Waangalie ziwa Sulunga katika mwaka wa mvua nzuri, au wafike Singida mjini, ambako heroe na mwari husimama kwenye maziwa ya Singidani na Kindai, jirani na makazi ya watu. Lakini mimi mahali ninapopapenda zaidi hapa mjini ni mabwawa ya majitaka ya Swaswa. Najua msomaji ameshaziba pua. Majitaka yanapotulia juani huota mwani, mwani hulisha viluwiluwi vya wadudu, na viluwiluwi hulisha vitwitwi waliochoka na safari. Wakati kiangazi kimekausha madimbwi yote ya mbugani, hapo maji hayakauki, kwa sababu mji hauachi kuoga. Kadiri watumishi wa serikali walivyoongezeka tangu serikali ilipohamia Dodoma, ndivyo maji hayo yalivyoongezeka. Miji ya pwani ina fukwe za kupokea wageni wa namna hii; sisi tuna vyoo vyetu, na havitutii aibu.

(Kwa wanaotaka kujaribu: usining'inize darubini shingoni katika mji wenye ofisi nyeti nyingi kama huu bila kujieleza kwanza. Jibu la kweli kwamba unatafuta ndege ndilo linaloleta maswali zaidi.)

Kuna wa nadra na kuna wa kwetu peke yetu, na hao wa pili tumewazoea mno. Kwenzi wa kijivu, yule asiye na mng'aro wa ndugu zake, hapatikani nchi nyingine yoyote. Kasuku wadogo wa kijani wenye kola ya manjano, wanaopiga kelele kwenye mibuyu, asili yao ni Tanzania tu. Mgeni hulipa nauli ya kuvuka mabara ili aone kitu ambacho mtoto wa Chamwino anakirushia manati.

Kwa nini naliletea gazeti na si wataalamu? Kwa sababu nimeona kuandika kunavyofanya kazi. Kuna kozi mdogo wa Amur, anayezaliana Siberia ya mashariki na kaskazini ya China. Huruka mpaka India, anavuka Bahari ya Hindi bila kutua, kisha hupita Afrika Mashariki akielekea kusini, akifuata mvua na kumbikumbi. Mwaka 2012 picha za maelfu ya kozi hao wakinaswa kwa nyavu katika jimbo la Nagaland, India, zilisambaa. Mwaka uliofuata vijiji vilevile viliacha kuwatega, na vikaanza kuwalinda. Hakuna bomu lililopigwa. Watu waliona kwamba dunia imeona.

Upo pia ushahidi wa zamani zaidi, na huo unatuhusu Waafrika moja kwa moja. Mwaka 1822 karibu na mji wa Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni, urefu wake sentimita 80 hivi. Alikuwa ameruka nao mpaka kwao. Wazungu walikuwa bado wanabishana korongo huenda wapi wakati wa baridi. Mwindaji mmoja wa huku, jina halijulikani, akawa amewajibu. Korongo huyo mpaka leo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock.

Siku hizi mahali pa mkuki kuna pete. Ndege wa kaskazini wengi huvishwa pete ndogo ya chuma mguuni, yenye namba na jina la kituo, kwa mfano MOSKWA au RADOLFZELL. Nimewahi kusikia mtu mzima akisema pete hiyo ni ya uchawi, na mwingine kwamba ni ya upelelezi. Ni anwani. Anayemkuta ndege wa hivyo amekufa ainakili namba herufi kwa herufi, aandike tarehe na mahali, apige picha kwa simu, kisha aifikishe kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, iliyoko Arusha. Aliye hai aachwe aende.

Nirudi kwa kwelea, maana siwezi kuwakwepa. Sumu inayotumika sana dhidi yao, fenthioni, haichagui. Kwelea walioanguka huliwa na kipanga, bundi na korongo, nao huanguka. Mkulima ana haki ya kuokolewa, hilo sibishani nalo, ingawa watu wa Kondoa, ambao tangu zamani huwatega kwelea na kuwala, wametuonyesha kwamba iko njia nyingine inayojaza sufuria. Lakini kila panaponyunyiziwa, taarifa husema hekta ngapi na kwelea wangapi. Iongezwe mistari miwili: ni ndege gani wengine waliookotwa, na wapi. Mwandishi wako akiuliza swali hilo mara mbili tatu, wahusika watakuja wamejiandaa na jibu.

Kwa upande wa gazeti, nafasi ninayoomba ni ndogo, hata pale chini ya bei za mazao inatosha. Msomaji aeleze kwa sentensi mbili alichoona, siku gani, wapi, alikuwa mmoja au kundi, alikuwa anafanya nini. Klabu za Malihai, zile za wanafunzi wapenda wanyamapori mashuleni, zinaweza kuleta za kwao. Asiyejua jina la ndege aeleze umbo na rangi, wenye kujua watajaza. Picha ikiwepo, vizuri. Makosa yatakuwepo, na mengine yatachekesha. Tutaanza na wa Mei hii, kwa sababu ikifika Juni atakayekuwa bado yuko Swaswa na manyoya ya Ulaya tutataka kujua alionekana lini mara ya kwanza, na mpaka sasa hapa mjini hakuna gazeti la kulifungua.

Mwalimu mstaafu,
Ipagala, Dodoma.