Dume yule hakuwa mkaidi

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilikwenda mnadani, huku wilayani Misungwi, kumtafutia kijana wangu maksai wa kulimia. Sikupata, bei haishikiki. Lakini niliyoyaona pale pa kupakilia ndiyo yamenifanya nishike kalamu.

Fuso ilikuwa imerudi kinyumenyume hadi kwenye tuta la udongo. Usiku mvua ilinyesha, kwa hiyo chini ya tuta palikuwa na dimbwi, jua la saa nne linamulika ndani yake. Dume mmoja wa kijivu alifika pale akasimama, akainamisha kichwa, akapumua kwa nguvu. Vijana wakaanza: huyu fimbo ya mgongo, huyu anausokota mkia. "Huyu mkaidi!" Mmoja akaambiwa avue fulana yake nyekundu, eti ndiyo inayomtia hasira.

Mhariri, nimechunga tangu utotoni. Fulana haikuwa na kosa. Jicho la binadamu lina aina tatu za chembe za kutambua rangi, la ng'ombe lina mbili, na wekundu haumng'arii kama unavyotung'aria sisi. Hata kule Hispania wanakopigana na mafahali, kinachomvuta dume ni kule kupepea kwa kitambaa.

Na kuinama vilevile si ukaidi. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote. Ila kupima kina cha kitu kilicho chini humbidi asimame, ashushe kichwa, aelekeze macho yote mawili mbele. Dimbwi linalong'aa kwake laweza kuwa shimo. Juu yake kuna bodi la gari lenye giza, na macho yake hayazoei giza upesi kama yetu. Anayempiga naye yuko nyuma ya mkia, mahali asipoona kabisa. Yaani anachapwa na asiyemwona, ili aingie shimoni.

Wapo wanaosema ngozi yake nene, haumii. Ngozi ambayo inzi akitua tu inatetemeka! (Nguruwe naye tunamwita mchafu, kumbe hana jasho la kumpoza, ndiyo maana anatafuta tope.)

Mwisho alikuja mzee mmoja na sepetu. Akafukia dimbwi, akawatimua vijana, akasimama ubavuni mwa dume, nyuma kidogo ya bega, kimya. Dume akanusa ule udongo, akapanda. Hazikuisha dakika mbili.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, lakini sitaki mtu afungwe. Ushuru tunalipa kwa kila ng'ombe. Katika huo, wenye mnada watoe lori moja la kifusi pale pa kupakilia, na mbao za kuziba pembeni ili mnyama asishtuliwe na wapita njia. Masika bado hayajaisha.

Mfugaji,
Kisesa, Mwanza