Risala ya kamati ya wazazi wa chekechea kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, wazazi wenzangu, na nyie watoto mliokaa hapo mbele tulieni kidogo jamani, risala ni fupi. Awali ya yote tunakushukuru sana kwa kufika, tunajua ratiba yako inavyobana maana mara 2 zilizopita ilibana siku ya tukio lenyewe.

Historia tusikae nayo. Tulianza kwenye kibaraza cha kuazima na mkeka mmoja, leo tuna darasa, tuna choo cha saizi ya watoto, na wahitimu wetu wanang'ara kila waendako, mmoja sasa hivi ni kiranja wa usafi.

Sasa lililotuleta. Watu wakitaka kujua kama chekechea ni nzuri wanaangalia rangi za ukutani na kama mtoto anaimba herufi zote, lakini Mheshimiwa ubora wenyewe uko kwa mtu mzima anayeinama akamsikiliza mtoto, anamjibu, anamwacha acheze huku anamuuliza hiyo nyumba yako ya mchanga ina milango mingapi, hapo ndo lugha na hesabu zinapoingia. Na hilo haliwezekani watoto wakiwa rundo. NAEYC, chama cha elimu ya watoto wadogo kule Marekani, kinashauri wa miaka 4 wasizidi 20 kwenye kundi moja, na kila 10 wawe na mtu mzima wao.

Sisi tuna 46 na mwalimu mmoja. Ndiyo, umesikia vizuri.

Juzi kuna mtoto alimshika mwalimu gauni tangu asubuhi, "mwalimu nikwambie kitu", mwalimu anamwambia subiri, subiri, mpaka saa ya kwenda nyumbani ndo akapata zamu, kumbe mama yake kajifungua usiku. Na mmoja akibanwa na haja mwalimu akampeleka, 45 wanabaki na nani? Na Mungu.

Haya sio madeko. Mwaka 1962 mji wa Ypsilanti, Michigan, walianza mradi wa Perry, watoto 58 wa familia maskini wakapewa chekechea na wenzao 65 hawakupewa, mwalimu mmoja kwa watoto 5 au 6 tu, na kila wiki anaenda mpaka nyumbani kukaa na mama na mtoto. Wakafuatiliwa hadi umri wa miaka 40, waliosoma pale wengi zaidi walimaliza sekondari na walikuwa na kazi, polisi nao waliwakamata mara chache. Haikuwa kwa sababu ya bembea.

Bembea tunaishukuru lakini. Mgeni rasmi aliyepita aliahidi mwalimu wa pili "kabla muhula haujaisha", hakusema muhula upi, ikaja bembea na bango lenye picha yake. Aliyemtangulia aliahidi hivyohivyo zikaja ndoo za rangi, tembo wa ukutani katoka vizuri kweli, ila tembo hafundishi.

Ombi letu ni walimu 2 waliosomea watoto wadogo, pamoja na mshahara wao wa kila mwezi, sio posho ya kuanzia. Tulishampata dada mmoja, watoto wakamzoea, posho ikakata akaondoka, wiki nzima wakawa wanamuulizia mlangoni. Mtoto wa umri huu anajifunza kwa mtu aliyemzoea, kila ukimbadilishia anaanza upya.

Tivii na kompyuta hatuombi. Hapo mezani kwako kuna karatasi ya ahadi na peni, nafasi ya tarehe tumeiacha wazi uijaze mwenyewe kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.