Kaka, lile jiwe msiliuze

Bremen, Jumapili jioni

Kaka, shikamoo. Kamwene wote hapo Kihesa.

Nimeamua kuandika kwa mkono maana kwenye simu tunakatizana, wewe ukikatizwa unakasirika, na mimi nikikasirika nakata. Barua anakuja nayo yule dada wa Makambako. Atashuka Ipogolo Ijumaa, mtume mtoto akampokee, kuna na mfuko wa mama. Dawa ya miguu imo, na soksi nene zimo. Msomee mama kwa sauti, taratibu, lakini ukifika nilipochora nyota ruka mpaka nyota ya pili. Hapo katikati ni pako wewe peke yako.

Mimi mzima. Kazi ipo, baridi ipo, mgongo unauma kidogo halafu unaacha.

Sasa tuje kwenye ule ujumbe wako wa sauti wa dakika nne. "Ulikuja wiki tatu ukatembelea mawe, ndugu hukuwaona." Kaka! Niliusikiliza ndani ya tremu nikitoka zamu ya usiku, nikaurudia, mama mmoja wa Kijerumani akanipa tishu. Hebu tuhesabu. Arobaini ya shangazi nilikuwepo, nikapika na wenzangu mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Kikao cha ukoo nilikaa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na sikupewa nafasi ya kusema hata neno. Hospitali na mama nilikwenda mara mbili. Siku za mawe zilikuwa nne. Nne tu, na katika hizo mwanao wa pili nilikuwa naye tatu, kwa hiyo hata huko ndugu alikuwepo.

Lakini nikueleze kwa nini, maana hukuniuliza, ulinihukumu tu.

Kuna mzee ninayemhudumia hapa, alikuwa mwalimu. Siku moja namlisha supu akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Sehemu gani? Nikasema Iringa, nikijua haijui, wengi wakisikia Tanzania wanataja Zanzibar na Kilimanjaro basi. Yule mzee akaweka kijiko chini akasema, "Mkwawa." Halafu akanieleza kwamba kichwa cha huyo chifu wetu wa Wahehe kilikuwa hapahapa Bremen, kwenye jumba la makumbusho pale pembeni ya stesheni kuu ya treni. Kaka, mimi napita pale kila siku nikienda kazini. Kila siku! Na nimezaliwa kilomita kumi na tano kutoka Kalenga kwenye ngome yake, sijawahi kuingia makumbusho ya kule. Unakumbuka darasa la sita tulichangishwa hela ya basi la kwenda Isimila na Kalenga, basi halikuja na hela hazikurudi. Baba alisema mawe hayakimbii. Kweli hayakukimbia, sisi ndio tulioondoka.

Nilikuwa najua yale ya kwenye wimbo wa shule tu, kwamba aliwapiga Wajerumani. Aibu niliyoipata mbele ya bakuli la supu, sitaki kuirudia. Ndiyo maana likizo ilipofika nilisema safari hii naenda kuona kwetu.

Kalenga nilikwenda kwa daladala, siku ya upepo ule wa mwezi wa nane unaopenya kwenye mifupa. Ile ngome yake yenyewe, Lipuli, usitegemee kuikuta imesimama. Wajerumani waliipiga kwa mizinga Oktoba 1894, na leo pale ni kijiji, mahindi, na kuku wanaparua. Mwanao akaniuliza, "Shangazi, ngome iko wapi?" Nikamwambia unaikanyaga. Ukiinua macho unaona upande wa Tosamaganga kule juu walikowekea mizinga, na ndipo nilipoelewa jina lenyewe: kutosa maganga, kurusha mawe. Miaka yote nalitaja nikienda kumwona mgonjwa na sikulisikia. Hata Iringa ni hivyohivyo, lilinga, boma. Tunakaa ndani ya maneno ya mababu kama wapangaji.

Fuvu lenyewe limo kwenye makumbusho ya hapo Kalenga, ndani ya sanduku la kioo. Dogo kuliko nilivyotegemea. Nilisimama pale nikafikiria stesheni ya Bremen, watu wanakimbilia treni, wanakula mikate, na huyu alikuwa kwenye kabati mita chache kutoka pale miaka yote hiyo. Waliandika mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ikirudishe kichwa cha Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, ndiye aliyekuja hapa Bremen 1953, akakuta mafuvu mengi, wakapima vipimo wakilinganisha na vichwa vya ndugu zake walio hai, wakachagua moja lenye tundu la risasi. Likarudi 1954, Chifu Adam Sapi akalipokea, mjukuu wake, yule aliyekuja kuwa Spika. Nilitaka kumuuliza mtunzaji kama ana hakika ndilo lenyewe. Nikaona haya. Kuna maswali ambayo mgeni anauliza, na mimi pale sikutaka kuwa mgeni.

Mlambalasi ndiko ulikokasirikia zaidi kwa sababu ya hela ya bodaboda. Haya, nakiri, ilikuwa nyingi. Ni kilomita hamsini hivi kwa barabara ya Ruaha, unaipita Kidamali, vumbi mpaka kwenye meno. Lakini kaka, ungefika. Ni mwamba mkubwa umeinama kama paa, chini yake kivuli na ubaridi, na kaburi la kiwiliwili kisicho na kichwa. Mkwawa alikimbizwa miaka minne baada ya Kalenga kuanguka, rupia 5,000 zikiwekwa juu ya kichwa chake, na watu wakamficha na kumlisha. Tarehe 19 Julai 1898 akajimaliza mwenyewe kwa risasi wasimkamate. Walikuta maiti, wakakata kichwa. Kilichonishangaza ni kwamba chini ya mwamba huohuo wataalamu wamechimba wakakuta mifupa ya watu wa zama za mawe, maelfu na maelfu ya miaka kabla yake. Yaani alikwenda kufia mahali ambapo watu walishazikana tangu zamani. Mwanao alikaa kimya kabisa pale, na unajua huyo mtoto kunyamaza ni kazi.

Isimila mwanao alinitia aibu. Zile nguzo za udongo ndani ya korongo anazijua kwa picha, hakuzishangaa, alikuwa chini anatazama mawe. Zana zimetapakaa, mashoka ya mkono yaliyochongwa pande zote mbili, wanakadiria miaka 260,000 hivi. Mtembezaji anageuka, mwanao kijiwe mfukoni. Nikamwambia rudisha. Akasema, "Shangazi, yako mengi." Nikamwambia na Wajerumani walisema hivyohivyo. Akarudisha, lakini alinuna mpaka tunafika barabara ya Mbeya.

Gangilonga nilipanda alfajiri peke yangu. Jiwe linaloongea. Mji wote uko chini, moshi wa asubuhi unapanda Kihesa na Mlandege, kengele, adhana, mbwa. Wanasema Mkwawa alikuwa akija pale kusikiliza. Mimi jiwe halikuniambia kitu, ila nililia vizuri, na hilo usimwambie mama. Basi ameshasikia, sikuweka nyota. Mama, nilikuwa sawa.

Sasa sikilizeni, na hili soma kwa sauti kubwa hata jirani asikie. Mwezi uliopita watu wa mtaa wetu hapa walikuwa na matembezi ya historia, wakaniomba niseme. Kuna tembo hapa Bremen, wa matofali, urefu wa mita kumi, alizinduliwa 1932 kukumbuka makoloni waliyonyang'anywa. Mwaka 1990, Namibia ilipopata uhuru, wakambadilisha akawa mnara wa kupinga ukoloni. Tembo yuleyule, matofali yaleyale, wamempa ubatizo mpya tu. Nilisimama chini ya tumbo lake nikaongea nusu saa kwa Kijerumani, bila karatasi! Nikawaeleza vita vya Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jinsi Zelewski, kamanda wa Wajerumani, wenyewe Waswahili walimwita Nyundo, alivyoingia na msafara mrefu bila kutanguliza wapelelezi wa maana, na jinsi mikuki ya Wahehe ilivyotoka vichakani. Haikuchukua hata nusu saa, Wajerumani kumi na askari kama 250 wakalala. Mmoja akasema kwenye vitabu vyao vya zamani jina linaandikwa Quawa. Nikamwambia ndugu yangu, rudia baada yangu: M-kwa-wa. Watu thelathini wakarudia kwenye mvua. Mwambie yule aliyesema sina ulimi wa lugha.

Yule mzee wa supu alikuja kwa kiti cha magurudumu. Nilimsukuma mwenyewe.

*

Kaka, Baba Mdogo. Ameniandikia mwenyewe kwamba amepata mnunuzi wa lile jiwe la nyuma ya nyumba ya babu, mtu wa kokoto, milioni tatu, na kwamba nitume sahihi yangu pamoja na laki sita za mpima. Kwenye kikao mlisema binti hana neno kwenye ardhi ya ukoo. Nikanyamaza, nikaosha sufuria. Leo laki sita za binti zimekumbukwa. Sitatuma. Sahihi situmi, na laki sita situmi.

Lile jiwe bibi alianikia mahindi miaka yote. Pale baba alituchapa kwa ajili ya debe la maharage, na pale alikaa siku alipoambiwa ugonjwa wake. Halafu nenda kalitazame upande wa juu, karibu na mtini. Vile vishimo tulivyokuwa tunachezea bao, umewahi kujiuliza nani alivichimba? Sisemi ni Isimila, mimi si mtaalamu. Nasema nimeviona vya namna hiyo kwingine na mtembezaji akavigusa kwa heshima, sisi tunataka kuvipiga baruti vikamwagwe kwenye msingi wa gesti ya mtu.

Nilipokasirika nilimwita Baba Mdogo Mpangile, mbele ya mkewe, kwa simu. Unajua yule ndugu yake Mkwawa ambaye Wajerumani walimkalisha kwenye kiti cha uchifu. Nilikosea mara mbili, na nataka umfikishie. Kwanza kwa adabu. Pili, Mpangile walimnyonga haohao waliomkalisha, 1897, wakimshuku kwamba kwa siri anamsaidia kaka yake. Kwa hiyo nilimtukana kwa jina la mtu ambaye pengine hakuwa msaliti. Mwombee radhi kwa niaba yangu, mpelekee sukari kilo mbili nitakurudishia. Ila kwenye jiwe sirudi nyuma. Najua ana deni la SACCOS. Akisema deni ni kiasi gani, aseme ukweli, tutakaa mimi na wewe tuone tunampunguziaje. Asizungukie kwa mpima.

Na wewe kaka usikae katikati kama mti wa goli. Wewe ndiye mkubwa.

*

Hela nimetuma laki nne jana. Mbili ni za mama, macho, siyo bati. Moja na nusu ada ya mwanao. Hamsini yako, na usijifanye huitaki. Bati zisubiri, mvua bado.

Huku miti imeanza kupukutika. Jana nilipika ugali wa unga ule wa mahindi ya kwenu uliobaki, nikala na dagaa nikiwa nimefungua dirisha, jirani wa juu akafunga lake. Wajerumani hawajui harufu nzuri. Mto wa hapa, Weser, ni mpana, una meli na kila kitu, lakini hauna mawe. Mji mzima huu, kaka, tambarare kama meza, hakuna pa kukaa juu ukaona nyumbani kwa mtu. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kukosa mawe kama anavyokosa chakula.

Mwambie mwanao anipige picha vile vishimo, aweke kibiriti pembeni nione ukubwa. Asivikwaruze.

Na ulanzi usimpe huyo dada aniletee tena. Mara ya mwisho ulichachuka njiani, chupa ikapasuka ndani ya begi, na cheti changu cha Kijerumani kilikuwa humo. Mpaka leo kinanukia Iringa.

Mdogo wako