Barua kwa Mwanaidi: maji ndani ya vitundu

Tanga, Jumapili

Mpendwa Mwanaidi,

Hujambo shoga yangu? Sisi huku wazima, ila joto la kaskazi unalijua. Swali lako nimelipenda: vile vipakiti vya silika, chembe za kunyonya unyevu tunazoweka kwenye mkoba wa kamera, vinapataje maji, na hewa yenyewe haijashiba mvuke?

Siri ni vitundu. Kila chembe imejaa vitundu vyenye upana wa nanomita 2 au 3 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mvuke ukiingia humo, kwanza huacha utando mwembamba wa maji kutani. Utando ukinenepa, pande hukutana, na uso wa maji hubonyea kwa ndani. Molekuli iliyo kwenye uso uliobonyea imezungukwa na wenzake wengi zaidi kuliko kwenye maji yaliyotulia sufuriani, hivyo kuponyoka kwake ni kazi. Basi mvuke kidogo tu unatosha kuyazuia maji hayo yasikauke.

Mwanafizikia William Thomson, yule Lord Kelvin, aliipigia hesabu hali hii mwaka 1871. Kwenye nyuzi 25, tundu lenye nusu kipenyo cha nanomita 10 hujaa unyevu ukifika asilimia 90 hivi. La nanomita 1 hujaa kwenye asilimia 35. Sasa fikiria hewa yetu ya pwani!

Ninachokistaajabia mimi ni hiki. Hesabu ile inayachukulia maji kama kitu kimoja kisicho na punje, wakati nanomita 1 ni molekuli tatu nne zikipangwa. Ilitarajiwa ivunjike humo. Mwaka 2020 mwanafizikia Andre Geim na wenzake wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitengeneza nyufa nyembamba kuliko hapo, kwa maika (madini yanayobanduka tabaka tabaka) na grafiti (ile ya kwenye penseli), na kwenye maika hesabu ya Kelvin ikakubali vizuri. Walieleza kwamba ni bahati: kuta zenyewe hunesa kidogo, na kunesa huko kunafuta kule kupanda na kushuka, kutokana na molekuli kutoshea sawasawa au kutotoshea katika ufa, ambako kungeiharibu hesabu. Nimeisoma mara nyingi na bado inanisisimua.

Jambo moja la kukusaidia: maji hayatoki kwa unyevu uleule yalioingilia, hungoja hewa iwe kavu zaidi. Kwa hiyo kuvianika vipakiti barazani hakufai kitu. Zimwage chembe kwenye sinia, zipashe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa muda wa saa mbili hivi, kisha zitie zingali moto kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana.

Nisalimie mama na watoto. Lenzi ikishaona vizuri, nitumie picha.

Wako,
Zuhura